Damu ya Mshindi katika Ajenda ya Saba

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno kumi na manne, na hata leo ningeweza kuyatetea yote, moja baada ya jingine: "Mjumbe mmoja alikieleza kikao kuwa mshindi wa wanawake aliongezewa damu hospitalini, kikao kilipokea taarifa." Niliiandika kwa mkono wangu katika muhtasari wa kamati ya mbio zetu za Mpanda, chini ya ajenda ya saba, nikaisoma mara mbili kutafuta kosa, nisilione. Siku nne baadaye sentensi hiyo ilikuwa karibu kumnyima mwanamke mmoja wa Mwese safari aliyojiandalia kwa karibu mwaka mzima.

Nilikuwa katibu wa kamati hiyo kwa sababu ya mwandiko. Nilifundisha Kilatini na Kiswahili katika seminari kwa miaka mingi, na nilipostaafu na kuhamia Kashaulili, hapa Mpanda mjini, majirani waligundua upesi kwamba amepatikana mzee mwenye hati nzuri na asubuhi tupu. Nikawa katibu wa jumuiya, kisha katibu wa chama cha kuzikana, kisha katibu wa kamati ya kisima. Mbio zilipoanzishwa, hakuna aliyeuliza nani aandike. Lililoulizwa ni nani atakimbia.

Mjumbe ninayemtaja katika sentensi ile ni muuza mchele wa sokoni, Mpimbwe kama mimi, mtoto wa wakulima wa mpunga, mzee wa kanisa asiyekosa misa wala neno la kusema baada ya misa. Tunakutana kila asubuhi katika baraza la fundi cherehani mmoja, ambako kazi yangu ni kusoma habari kwenye simu kwa sauti, kwa kuwa miwani yangu ndiyo nzima kuliko zao, na kazi yake yeye ni kunikatiza.

Majuma yale habari zilikuwa za mbio ndefu. Washindi wakubwa wa marathoni, watu ambao tuliwaona wakivunja utepe huku wakitabasamu kana kwamba walitoka kuchota maji, walikuwa wakitiliwa shaka mmoja baada ya mwingine. Wengine walikuwa wamefungiwa, wengine walikuwa wakisubiri majibu, na kila aliyeshinda alitazamwa kwa jicho la pembeni.

"Damu?" akauliza muuza mchele. "Wanainywa?"

"Wanaongezwa mshipani."

Nikamweleza, kwa ukamilifu ambao hakuuomba, kwamba chembe nyekundu za damu ndizo zinazobeba hewa safi mwilini, na kwamba mwenye chembe nyingi huchelewa kuchoka. Kwa hiyo wapo wanaotolewa damu yao wenyewe, ikahifadhiwa kwenye baridi kwa majuma kadhaa, wakarudishiwa siku za mbio zinapokaribia; na wapo wanaojidunga dawa ya kuuchochea mwili uzitengeneze chembe hizo kupita kiasi. Nikaongeza kwamba kushukiwa si kupatikana na hatia, na kwamba wapo waliochafuliwa majina kisha wakaonekana hawana kosa.

"Kwa hiyo mtu anajiweka kwenye friji," akasema, "kama samaki wa Kapalamsenga anayesubiri soko."

"Waweza kusema hivyo."

"Nimeshasema, Mwalimu. Endelea kusoma."

Fundi cherehani, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akilishona, akauliza watu hao hushikwaje. Nikasema hupimwa, na damu ya leo ikalinganishwa na vipimo vya nyuma vya mtu yule yule. Kisha, kwa udhaifu wangu wa kazi, nikarudi nyuma zaidi ya ilivyohitajika. Nikawaambia kwamba Wayunani wa kale hawakuwa na vipimo, basi waliwaapisha wanariadha wao mbele ya vipande vya nyama ya nguruwe kwamba hawatafanya hila michezoni.

"Na hiyo nyama," akauliza muuza mchele, "baadaye alikula nani?"

Nilimjibu ukweli, kwamba msafiri wa kale aliyetuachia habari hizo alikiri kuwa alisahau kuuliza. Muuza mchele alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema huyo naye lazima alikuwa katibu.

Mbio zetu zilifanyika Jumamosi moja ya kiangazi, kilomita ishirini na moja, kutoka mjini na kurudi. Kamati ilikuwa imekubaliana na ofisi inayosimamia michezo kwamba mshindi mmoja wa kiume na mmoja wa kike watapelekwa kushiriki marathoni kamili katika mkoa mwingine. Upande wa wanawake tulimtarajia msichana wa sekondari mwenye kocha, saa ya mkononi na viatu vya rangi ya ndimu iliyoiva. Akaja wa pili. Aliyemtangulia, kwa umbali ambao waamuzi walidhani ni makosa ya hesabu, alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu kutoka vilima vya Mwese, amevaa raba za mtumba na sketi juu ya suruali. Alivuka mstari, hakuinua mikono, akauliza mtoto wake yuko wapi maana ni saa ya kunyonya.

Mama huyu ni Msukuma. Wazazi wake walifika Katavi na ng'ombe wao kutoka kaskazini yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Hapa yapasa nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayana maana. Wataalamu wa mila hupenda kuutafutia utani wa makabila asili katika vita vya kale. Utani wa Wapimbwe na Wasukuma huku kwetu hauna ukale huo. Umezaliwa mbele ya macho ya kizazi changu, kati ya majaruba ya mpunga na njia za ng'ombe, palipokuwa na sababu nyingi za kugombana. Watu walichagua kutukanana kwa kucheka, na kwa kuwa walichagua, kukawa na sheria. Mtani husema lolote. Mtani hachukuliwi hatua. Mtani akifa, ni wewe unayelala kwenye kaburi lake likiwa bado wazi na kukataa kutoka mpaka upewe kitu. Na mtani akiwa na shida ya kweli, ni wewe unayefika kabla ya ndugu.

Muuza mchele na mama wa Mwese walikuwa watani wa kuigwa. Siku za soko mzee alikuwa akimlaki mama kwa kuuliza kama ameoga au amelambwa tu na ndama. Naye alikuwa akimjibu kwamba watu wa wali wana magoti laini, na kwamba hata akifa watamkunja kama mkeka bila taabu.

Kikao cha tathmini kilikaa Jumapili baada ya misa, katika darasa la shule ya msingi. Ajenda sita zilikwenda vizuri. Ya saba ilikuwa Mengineyo, na muuza mchele akasimama.

"Mwenyekiti, mimi nina dukuduku," akasema kwa uso wa kumzika mtu. "Kila asubuhi Mwalimu anatusomea mambo ya watu wa mbali wanaojaziwa damu. Tunasikitika. Halafu jana nyie hapa mmempa medali mwanamke aliyejazwa kama tenki la bodaboda. Kitanda, chupa, mrija, kila kitu. Hospitali nzima mashahidi. Mimi nasema apimwe. Na akikutwa nayo, basi apewe medali huyo mwenye damu."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye si mwepesi wa kucheka, alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya kanga. "Tumepokea, mzee," akasema alipopata pumzi. "Sasa tufunge kikao."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo nilivyoandika: alieleza, na kikao kilipokea. Kicheko sikukiandika. Padri aliyenifundisha kuandika mihtasari, nikiwa kijana, alinikabidhi kanuni moja ambayo sijawahi kuivunja: huandikwa taarifa, hoja na maamuzi, kicheko, kikohozi na kengele ya chakula haviandikwi. Jumatatu nikaupeleka muhtasari ofisi ya michezo pamoja na majina ya washindi, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Alhamisi barua ikaja. Afisa michezo, kijana mwenye adabu ambaye hakuwa na muda mrefu tangu ahamie kwetu, aliandika kwamba ameisoma ajenda ya saba kwa uzito unaostahili. Kwa kuzingatia tuhuma zinazosikika kila mahali kuhusu washindi wa marathoni, asingeweza kupeleka jina la mshindi wa wanawake mpaka kamati itoe maelezo. Mjumbe aliyetoa taarifa ama aithibitishe, ama aiondoe. Mwisho ni Jumanne saa sita mchana. Baada ya hapo litakwenda jina la mshindi wa pili.

Niliisoma barua ile mara mbili kutafuta kosa. Hakuwa amekosea hata mahali pamoja. Katika nafasi yake ningeandika barua hiyo hiyo, labda kwa nukta chache zaidi.

Ijumaa nilimkuta muuza mchele katika kibanda chake, akipima mchele kwa kopo na kusawazisha juu kwa kijiti. Nilimsomea barua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lililonitia hofu kuliko barua yenyewe.

"Iondoe," nikamwambia. "Mistari miwili tu. Nitaandika mimi, wewe utie sahihi."

"Nitie sahihi kwamba nini?"

"Kwamba ulikuwa unamtania."

Akaweka kopo chini. "Mwalimu, umekunywa chai leo? Utani ukishaandikiwa barua na kupigwa muhuri, utakuwa utani tena? Nikimwondolea mtani maneno serikalini, nimemwambia kuanzia leo sisi ni majirani tu. Atanipita hapa sokoni ananiamkia shikamoo. Unataka yule mwanamke aniamkie shikamoo?"

"Basi ithibitishe."

"Hiyo sawa. Nathibitisha. Aliongezewa damu, ni kweli kabisa, kila mtu anajua."

"Ukithibitisha, hatakwenda."

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja mchele wake akasogea karibu ili asikose kitu.

"Unaona sasa," akasema muuza mchele polepole. "Mimi nilisema neno likacheka. Wewe umelipeleka ofisini halina meno. Shida si mdomo wangu, Mwalimu. Ni kalamu yako."

Nilipoaga, alinifungia mchele kiasi kwenye mfuko akaniambia nimpelekee mtani wake. Nimwambie ni wa kuku, si wake, asije akaupika.

Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda Mwese. Njia ile ina sehemu ambazo dereva humwomba abiria ashuke, si kwa sababu ya hatari, bali kwa sababu ya huruma kwa pikipiki. Nilishuka mara tano. Mahali pamoja tulipitwa na wanawake wawili waliobeba mihogo kichwani, wakatusalimia wakiendelea kupanda, nasi tulikuwa bado tunahema. Nilianza kuelewa ushindi wa Jumamosi iliyotangulia kwa njia ambayo habari za kwenye simu hazikunielewesha.

Nilimkuta mama wa Mwese nje ya nyumba yake akipepeta maharage, mtoto ameketi katikati ya ungo mwingine kama bidhaa. Mumewe alikuwa na ng'ombe upande wa pili wa kilima. Aliniamkia, akaniletea kigoda na maziwa, kisha akasubiri. Nilimpa mchele na ujumbe wake, akacheka. Nikamsomea barua, akacheka tena, halafu akaacha.

"Kwa hiyo siendi," akasema.

"Sijasema hivyo. Nimesema mpaka Jumanne."

Aliendelea kupepeta kidogo, ingawa maharage yalikuwa safi. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba alipojifungua mtoto huyu alitoka damu nyingi mpaka akasikia watu wakimzungumzia kama aliyekwisha kuondoka. Aliporudishwa nyumbani hakuweza kuvuka uwanja. Kwa miezi mitatu mama mkwe wake alimchotea maji, na wanaokuja kumwona walisema mbele yake kwamba huyu ndoo hatabeba tena. Siku alipofika kisimani peke yake alirudi karibu anatambaa. Akaanza kwenda kila siku. Kisha akaanza kukimbia kwenda, kisha kwenda na kurudi, kisha akakiona kisima kimekuwa karibu mno, akakimbilia zahanati, kijiji cha pili. Watu walidhani amepata wazimu wa uzazi.

"Nimeshawaambia mteremko mzima kwamba naenda," akasema. "Na mama mkwe nimemwambia. Amekubali kubaki na mtoto. Ameshaanza kumzoesha uji badala ya ziwa."

Nilimwuliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yangu, kama ana karatasi yoyote ya hospitali inayoonyesha tarehe.

"Ninayo. Lakini mtani wangu amekwambia damu yenyewe ilitoka wapi?"

"Hapana."

"Hakusema?" Sasa akaweka ungo chini. "Mwulize ni nani alikuwa amelala mkono umenyooka, amefumba macho, anamwambia nesi amshikie miwani asije akafa hajaivua."

Mumewe, kumbe, siku ile alikuwa ameelekezwa kutafuta ndugu wa kuchangia damu, na kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini, alikimbilia sokoni. Wa kwanza kufunga kibanda alikuwa muuza mchele. Alikwenda anamtukana njia nzima, kwamba Wasukuma wana ng'ombe mia na hawana mtu mmoja mwenye damu. Tangu siku hiyo anadai nusu ya mama huyu ni Mpimbwe, na hasa miguu.

Nilihisi wajibu wa kuuliza kama ana uhakika. Hospitali, nilivyoelewa mimi, mara nyingi humpa mgonjwa damu iliyokwisha kupimwa, na ile ya mchangiaji ikawekwa kufidia pengo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwa yakini kwamba chupa aliyopewa yeye ndiyo iliyotoka kwa muuza mchele.

Alinitazama kwa upole. "Mwalimu, yeye anasema ni yake. Mimi nasema ni yake. Unamtaka nani mwingine aseme?"

Niliondoka na karatasi. Kutoka tarehe yake mpaka siku ya mbio ilikuwa miezi kumi na minne, bila siku mbili. Jumatatu nikaipeleka kwa tabibu mmoja ninayemfahamu, nikamwuliza chembe nyekundu huishi muda gani. Alisema kama miezi minne, zaidi kidogo au pungufu. Nilimwomba aandike. Aliandika, kwa mwandiko ambao ulinibidi nimwombe aandike tena, kwamba mgonjwa aliongezewa damu kufidia aliyoipoteza, si kuzidisha, na kwamba hakuna chembe yoyote ya damu ile ambayo ingeweza kuwa hai mwilini mwake siku ya mbio. Anayokimbia nayo sasa, alisema kwa mdomo, ameitengeneza mwenyewe.

Jumanne saa nne na nusu tulikuwa ofisini kwa afisa michezo: mimi na karatasi zangu, muuza mchele katika shati lake la kanisani, na mama wa Mwese aliyeshuka vilima alfajiri na mtoto mgongoni. Watani hawa wawili hawakusalimiana. Afisa alitukaribisha viti, akafungua jalada, akamgeukia muuza mchele.

"Mzee wangu, naomba tuanze na wewe. Taarifa uliyoitoa kikaoni unaithibitisha au unaiondoa?"

Nilikuwa nimemsihi njia nzima aseme kwa uangalifu. Akasafisha koo.

"Naithibitisha," akasema. "Damu ni yangu. Nilimpa kwa mkono huu. Na kwa kuwa ndiyo iliyokimbia, mimi sioni kwa nini jina lililoandikwa hapo ni la kwake."

Kalamu ya afisa ikasimama hewani. Kabla sijatoa karatasi ya tabibu, mama wa Mwese akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mkuu, kama ni kulalamika, na mimi nina malalamiko. Hiyo damu yake imeniharibu. Kabla sijaongezewa nilikuwa naamka saa kumi mwenyewe. Sasa mpaka niitwe. Nikiona wali macho yanafumba. Kilima cha kwetu nilikuwa napanda naimba, siku hizi nafika juu nasikia hamu ya kukaa barazani kusikiliza habari. Ningepewa ya mtu mwingine, ile Jumamosi ningemaliza mapema, nikawahi na kukamua."

"Ya mtu mwingine nani?" akauliza muuza mchele. "Ya ndama?"

"Mama, mzee," akasema afisa, "hii ni ofisi." Lakini ncha za midomo yake zilikuwa zimeanza kumtoroka, na mama wa Mwese, ambaye miaka yote amesoma nyuso za ng'ombe wanaokusudia kuvunja uzio, aliliona hilo.

"Samahani, mkuu. Kwani wewe kwenu ni wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

Afisa akaweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake gizani. "Mama, tusifike huko."

"Tumeshafika," akasema. "Kumbe aliyenizuilia jina ni mtani wa enzi na enzi. Sasa nimeelewa. Babu zetu walitoka huku bara na mizigo kichwani, kwa miguu, miezi, mpaka kwenu. Wanafika, wanawakuta nyie mmelala chali mnangoja nazi idondoke. Mnawauliza, jamani, nyie hamchoki? Na leo mjukuu wenu amekaa kwenye kiti anauliza swali lile lile kwa barua."

Utani wa Wazaramo na Wasukuma ni wa kale kweli, na hauna mahali pa kujificha. Afisa alishikilia uso wake kwa muda wa kuheshimika. Kisha akaegemea kiti na kucheka mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. Muuza mchele, aliyejiona amepata mwenzake katika mateso, alimpigapiga bega.

Nilingoja watulie, kwa sababu niliogopa jambo moja: kwamba jina litapita kwa kicheko kama lilivyozuiwa kwa kukosa kicheko, na kesho mtu mwingine aulize ushahidi uko wapi. Nikaweka mezani karatasi ya hospitali na maelezo ya tabibu, nikahesabu miezi kwa vidole vyangu mbele yake. Nikaonyesha kwamba mzee hana haja ya kuondoa neno lolote. Amethibitisha taarifa, taarifa ni kweli, na ukweli wake, ukiongezewa tarehe, haumzuii mtu kukimbia. Mwisho nikakumbusha kwamba muhtasari ule haujathibitishwa na kikao kinachofuata, hivyo katibu anaruhusiwa kuomba marekebisho.

"Marekebisho gani?" akauliza afisa.

"Maneno matatu. Mjumbe alieleza 'kwa utani'. Na wajumbe 'walicheka'."

"Kwa nini hukuyaandika mwanzo, Mwalimu?"

"Sikufundishwa."

"Kwetu," akasema, huku akivuta karatasi ya majina, "katibu angeandika kwanza walicheka. Hoja angeikumbuka baadaye, kama kuna nafasi."

Aliandika jina la mama wa Mwese mbele yetu, kwa herufi kubwa, akamwuliza kama amelikosea. Mama alilitazama kwa muda mrefu kuliko jina hilo lilivyohitaji. Akasema liko sawa. Kisha alitoka nje kumnyonyesha mtoto, na muuza mchele akamfuata akimwuliza kama mchele ule amewapa kuku kweli au ameula kwa siri.

Alisafiri kwa treni, akarudi kwa treni. Tulimpokea kituoni wanakamati watatu na mama mkwe. Alikuwa wa kumi na saba. Kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia kilomita arobaini na mbili maishani mwake ni jambo la heshima kubwa, na nilimwambia hivyo, nikaanza kueleza sababu. Muuza mchele alinikatiza.

"Walikupima?"

"Hawakunipima. Wanapima wa mbele."

"Hata mmoja hakukushuku?"

"Hata mmoja."

Muuza mchele alilichukulia hilo kama tusi kwa ukoo wake.

Mama wa Mwese alinisimulia mengine siku nyingine, alipoleta maharage mjini. Baada ya kumaliza na kunywa maji, alimwona msichana aliyeshinda, mwembamba, amejitanda taulo, amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya hema la vipimo. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye kitambulisho kifuani, ambaye hakumwacha hata alipokwenda msalani. Alimfuata mpaka mlangoni, akarudi naye. Watu waliopita walikuwa wakinong'ona yale yale tunayoyasoma sisi barazani. Msichana alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nikamwuliza kwao wapi," akasema mama. "Akanitajia. Ni mbali, ng'ambo ya mpaka. Nikapiga hesabu kichwani, makabila yote ninayoyajua, nikaona hapana, mimi na yeye hatuna utani. Nikisema neno ataumia. Nikatoa chungwa langu nimpe nusu. Yule mwenye kitambulisho akasema hairuhusiwi kupokea kitu kwa mtu."

"Ukafanyaje?"

"Nikala mwenyewe," akasema. "Halafu nikasimama naye hapo hapo, mpaka wakamwita."